Ipo, Lakini Haijulikani Ilipo

Agenyehu Worku,
Karani Mkuu wa Masjala,
Ofisi ya Ardhi ya Mji,
Debre Birhan.

Meskerem 15

Mkurugenzi,
Hospitali ya Lango la Juu,
Debre Birhan.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

YAH: MIMBA YA MKE WANGU AMBAYO HOSPITALI YAKO INASEMA IPO LAKINI HAIJUI ILIPO

Kwanza pokea heri ya mwaka mpya ulioanza Meskerem mosi. Natumaini umeuanza vizuri, na kwamba maua ya manjano uliyoletewa na watoto wa mtaani bado hayajanyauka mezani pako. Kwetu yamenyauka. Hakuna aliyekumbuka kuyatia maji, kwa sababu nitakazozieleza hapa chini kwa namba, kama nilivyozoea kazini.

Mimi si mtu wa kulalamika ovyo. Katika miaka kumi na minne ya utumishi nimeandika barua za malalamiko thelathini na moja tu, nazo zote zilikuwa za lazima: idara ya maji, redio (mtangazaji alikuwa analitamka vibaya jina la mji wetu), na kanisa, kuhusu kengele, mara tatu. Mke wangu, Wubalem, husema kwamba nikifa nitamwandikia Mungu barua kuhusu foleni. Ni haki ujue mapema kwamba yeye haungi mkono barua hii. Hivi ninavyoandika yuko jikoni, na kila akipita mlangoni anasema, "Bado tu unaandika? Mwambie huyo Mkurugenzi mimi nimesema pole."

Pole zake nimezifikisha. Sasa malalamiko yangu.

Hoja ya 1. Kwamba ipo.

Tumeoana miaka saba. Katika miaka yote hiyo, kile kijiti cha kupimia mkojo kilitupa mstari mmoja, na mstari mmoja, na mstari mmoja, mpaka tukaacha kukinunua. Asubuhi ya Meskerem 8 Wubalem alitoka msalani amekishika kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba mshumaa kwenye upepo. Akasema, "Hebu tazama wewe. Mimi macho yangu nayashuku."

Nikatazama. Mistari miwili. Nikavaa miwani. Miwili. Nikatoka nacho uani, juani, na jirani yetu Bi Askale, aliyekuwa anaanika pilipili, akakitazama bila kuombwa akasema, "Miwili, hata kipofu anaiona." Kwa hiyo mimba hii ilikuwa na mashahidi watatu, mmoja wao si ndugu yetu kabisa. Kwa ushahidi huo ofisi yetu humwandikia mtu hati ya nyumba.

Siku mbili baadaye tukaja kwenu. Wubalem akaingia chumba cha altrasaundi, nami nikabaki kwenye benchi nikichagua majina. Nilikuwa nimefika jina la nne alipotoka. Nyuma yake alikuja Daktari Binyam, kijana mpole, akasema maneno ambayo niliyaandika yote nyuma ya namba ya foleni ili asije akayakana: "Vipimo vinaonyesha mimba ipo. Lakini kwenye picha hatuioni. Hatuioni ndani ya mji wa mimba, wala hatuioni nje yake. Kwa sasa hatujui ilipo."

Nikamwuliza, "Hamjui vipi? Amekuja nayo. Hakuiacha nyumbani."

Hakucheka. Akasema, "Huenda bado ni changa mno, baba. Huenda imeanza kuharibika yenyewe. Au huenda imetunga mahali pasipo pake, na hapo ni hatari. Ndiyo maana tunataka kumfuatilia kwa karibu."

Mheshimiwa, pale pale nilisikia lile la kwanza tu. Hayo mawili mengine niliyasikia nyumbani, saa saba mchana, nikinawa mikono ili nile. Sikula.

Hoja ya 2. Karatasi.

Tulipewa karatasi iliyoandikwa kwa wino wa bluu na kugongwa muhuri: "Ujauzito. Mahali hapajulikani." Mimi ni mtu wa masjala. Najua kwamba muhuri haugongwi juu ya jambo lisilojulikana. Kwetu faili likikosekana haliitwi "faili lisilojulikana lilipo." Linaitwa "linashughulikiwa," na mwananchi anakwenda zake nyumbani ametulia. Mngeshindwa nini kutuandikia hivyo?

Nakiri kwamba mwaka juzi lilipotea faili la mgogoro wa mpaka, na ofisi nzima ikageuzwa chini juu kwa siku tatu huku nikiwafokea wenzangu kuhusu uzembe. Siku ya nne lilipatikana kwenye kiti changu, chini ya mto ninaoukalia kwa ajili ya mgongo. Nalitaja mwenyewe kwa sababu Demise, ninayekaa naye chumba kimoja, atalitaja mkimwuliza na hata msipomwuliza. Huyo Demise ndiye aliyeisoma karatasi yenu akichungulia begani kwangu, akaenda nayo kichwani hadi chumba cha chai. Kabla ya adhuhuri kila mtu alikuwa anajua, pamoja na wananchi waliokuja kwa ajili ya viwanja. Na kwa jina hili nililopewa na baba yangu, Agenyehu, yaani Nimepata, huna haja ya kusimuliwa walivyonipokea.

"Agenyehu, umepata?"

"Bado."

"Umetazama chini ya mto?"

Hoja ya 3. Wiki.

Sista Tsedale, muuguzi wenu, alimwuliza mke wangu siku ya kwanza ya hedhi yake ya mwisho. Nikajibu mimi, maana nilikuwa nimekuja na jedwali. Nehase 10, nikasema, na leo ni Meskerem 10, kwa hiyo ni wiki nane na nusu. Nikamweleza kwa upole kwamba mtoto wa wiki nane na nusu lazima aonekane, na kama haonekani basi mashine ifutwe vumbi.

Sista akahesabu kwa vidole. "Wiki tano, baba."

"Sista, mimi nina jedwali."

"Naliona. Hapo Pagume umeipa siku ngapi?"

Nikatazama. Jedwali langu limepangwa vizuri: kila mwezi una mstari wake, na kila mstari una siku thelathini. Pagume, mwezi wetu mdogo wa siku tano kati ya Nehase na Meskerem, mwezi ambao hata mtoto wa darasa la kwanza anaujua, nilikuwa nimeupa siku thelathini sawa na wenzake. Mama mmoja mwenye mimba kubwa alicheka mpaka akalishika tumbo kwa mikono yote miwili. Wubalem naye akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza acheke tangu atoke kule chumbani, kwa hiyo nikajifanya kwamba nilikosea kwa makusudi. Hata hivyo nalalamika. Mtumishi wa serikali hasahihishwi mbele ya umma.

Hoja ya 4. Namba za damu.

Badala ya kututafutia mimba, mlianza kumtoa mke wangu damu kila baada ya siku mbili ili kupima kichocheo cha mimba. Meskerem 10 kilikuwa 640. Meskerem 12 kikawa 790. Jana, Meskerem 14, kikawa 910. Nikamwuliza Sista, "Kinapanda?"

"Kinapanda."

"Mungu ashukuriwe!"

"Lakini kinapanda kivivu, baba. Kwa siku mbili tulitaka kisogee karibu na mara mbili."

Nikaudhika kwa niaba ya hizo namba. Mimi katika miaka kumi na minne nimepanda daraja moja, na hakuna aliyenitia kwenye uangalizi. Nikamwuliza waziwazi: ni nzuri au ni mbaya? Akasema, "Ni ya kufuatilia." Mheshimiwa, jibu lisilo jibu nalijua nikilisikia. Nimewapa wananchi jibu hilo kupitia dirisha langu tangu nilipoajiriwa, na wao hushukuru na kuondoka. Sikuwa nimewahi kusimama upande wa pili wa dirisha. Kuna upepo mwingi upande huo.

Hoja ya 5. Imefutwa.

Ilihusu namna kipimo chenyewe kinavyofanywa, kwamba si juu ya tumbo kama nilivyodhani. Wubalem aliisoma akachukua kalamu akaikata. Alisema, "Mficha uchi hazai. Na uchi wenyewe ni wangu."

Hoja ya 6. Ndugu na majirani.

Mke wangu aliniambia siku ile ile ya Meskerem 8, "Tusimwambie mtu mpaka miezi mitatu ipite." Nami sikumwambia mtu. Nilimwambia mama yake tu, ambaye si mtu, ni mama. Na Demise. Na padri, ambaye kazi yake ni kutunza siri, lakini nilimwambia baada ya ibada na shemasi alikuwa karibu. Bi Askale alikuwa anajua tayari.

Mama mkwe wangu, Mama Yeshimebet, aliteremka kutoka kijijini siku tuliyotoka kwenu na karatasi, amebeba siagi kwenye kibuyu na kuku chini ya kwapa. Ilinibidi nimweleze. Nilieleza kitaalamu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Haijulikani ilipo? Kwani ni mbuzi?"

Nikaeleza tena. Akasimama katikati ya ua, kuku angali kwapani, akasema mtaa mzima usikie: "Malkia Eleni aliufuata moshi tu! Moshi! Akaufukua Msalaba uliokaa chini ya udongo miaka mia tatu. Hawa wana umeme, wana mashine, na tumbo lenyewe limelazwa mbele yao!"

Keshokutwa ni Sikukuu ya Msalaba. Fikiria mwenyewe mtu wa hali yangu anapitaje barabarani wakati mji mzima unashangilia kitu kupatikana. Tangu siku hiyo kila mama wa mtaa amekuja na maelezo yake. Mmoja anasema imepanda mgongoni. Mwingine anasema imeona kijicho ikajificha. Wa tatu anasema mimba ina haya, na kwamba mtu akiitangaza ikiwa na siku mbili, inaona aibu kujitokeza. Huyo wa tatu ni mke wangu.

Hoja ya 7. Simu za Sista Tsedale.

Sista huyu anapiga simu kila asubuhi saa mbili. Anauliza kama kuna maumivu upande mmoja wa tumbo, kama kuna kizunguzungu, kama kuna damu, na kama bega linauma. Siku ya kwanza simu niliipokea mimi. Nikamwambia kwamba mimba huwa tumboni, sasa bega linaingiaje?

"Damu ikivuja ndani ya tumbo, maumivu yanaweza kupanda mpaka begani. Likimuuma tu, mlete. Usisubiri kitu."

Nikamwambia hata mimi bega langu la kushoto linaniuma.

"Pole, baba. Wewe utapona."

Tangu hapo simu inapokewa na Wubalem. Wanaongea, wanacheka, wanaitana dada. Mimi napewa simu ili niichaji. Nisingelalamika kwa hilo. Lakini jana asubuhi nilikuwa napita kwenda kuchukua koti, mlango wa chumbani umerudishwa, nikamsikia mke wangu akimwambia kwa sauti ya chini, "Dada, naogopa. Naogopa kulala, naogopa hata kukohoa."

Mimi hakuwahi kuniambia. Kila nikimwuliza husema, "Niko salama, kunywa kahawa yako." Nilisimama nyuma ya ule mlango na koti mkononi mpaka simu ikakatika, kisha nikaenda kazini. Nimetafuta mtu wa kumlaumu kwa jambo hilo, na baada ya kutafuta sana nimeona wa kumlaumu ni hospitali yako.

Hoja ya 8. Uchunguzi wangu binafsi.

Ili nisionekane nawaonea, nilimpeleka mke wangu katika zahanati mbili za watu binafsi. Katika ya kwanza kuna mashine mpya na daktari mwenye tai. Alitazama kwa muda mrefu akasema ipo lakini haonekani ilipo, turudi hospitali. Katika ya pili daktari alikuwa mama mtu mzima, akaniruhusu niingie na kunigeuzia kioo. Mheshimiwa, kile kioo kinafanana na mji wetu ulivyo mwezi wa Nehase: ukungu, na ndani ya ukungu, ukungu mwingine. Lakini jicho langu limezoea kutafuta. Nikaona kitu cha mviringo, cheusi, kizuri, kimetulia. Machozi yakanilenga. Nikanyoosha kidole, nikasema, "Hiki hapa! Mbona kiko wazi?"

"Hicho ni kibofu cha mkojo, baba."

Wubalem alisema nifute machozi twende.

Basi mashine tatu na madaktari watatu wamesema neno moja. Mtu mwenye akili angehitimisha kwamba ni kweli. Mimi nimehitimisha kwamba mnapigiana simu.

Kwa hoja zote hizo, naomba yafuatayo. Kwanza, neno "hapajulikani" lifutwe kwenye karatasi na pawekwe "panashughulikiwa." Pili, hospitali iiandikie mimba yenyewe barua ya kuiomba radhi kwa kuitilia shaka, barua hiyo nitaitunza kwenye jalada mpaka mwenyewe atakapojua kusoma. Tatu, Sista Tsedale awe ananipigia mimi, naye Wubalem nitamfikishia.

Nne, na hili ndilo zito. Mmetutaka tuje tena kesho, Meskerem 16, kwa altrasaundi nyingine, eti kwa kuwa zile namba haziwaridhishi. Hatutakuja. Kesho ni mkesha wa sikukuu, kuni za moto mkubwa zimeshasimamishwa uwanjani, na mama mkwe anataka kumwona binti yake amevaa nguo nyeupe kama wanawake wenzake, si amelala kitandani kwenu anatafutwa. Tumesubiri miaka saba. Siku tatu hazitamdhuru mtu. Tutakuja baada ya sikukuu, ikiwa barua hii itakuwa imejibiwa kwa maandishi na kwa muhuri.

Nisalimie Daktari Binyam, yule mama wa mapokezi mwenye kikohozi, na mlinzi wa getini anayeniita Bwana Barua. Mpe salamu pia Sista Tsedale, ingawa natoa hizo kwa shingo upande. Wubalem anakusalimu, Mama Yeshimebet anakusalimu, hata Bi Askale, ambaye amesimama dirishani akijifanya anatafuta kuku wake, anakusalimu.

Nabaki mimi, mwananchi ambaye subira yake imekatika lakini adabu anayo,

Agenyehu Worku

Nakala: Baba Askofu, Mwenyekiti wa chama cha kuzikana cha mtaa, Mama Yeshimebet (atasomewa).

BAADA YA SAHIHI. Meskerem 22.

Mheshimiwa, barua hii sikuipeleka posta. Niliileta kwa mkono asubuhi ya tarehe 16, baada ya kupitia ofisini kuigonga muhuri ambao sina ruhusa ya kuutumia kwa mambo ya nyumbani. Saa nne nilikuwa nimesimama kwenye foleni mbele ya mlango wa katibu wako. Simu nilikuwa nimeizima. Huwa naizima ninapowasilisha barua, ili nisikatizwe.

Sikujua kwamba mke wangu alikuwa ndani ya jengo hilo hilo, upande wa pili wa ukuta.

Alikuwa amesubiri nitoke. Saa mbili Sista Tsedale alipiga kama kawaida yake, akauliza maswali yake yale, na alipofika kwenye bega Wubalem akasema linamuuma. Sista akamwambia, "Dada, usioge, usibadili nguo. Njoo sasa hivi, utanikuta getini." Mama Yeshimebet akamwuliza binti yake, "Na mumeo je? Si amekataza?" Wubalem akajifunga shali akasema, "Yeye ana barua yake, mimi nina tumbo langu. Twende."

Nao walimkuta getini, amesimama na kiti cha magurudumu.

Safari hii waliiona. Ilikuwa imetunga kwenye mrija wa uzazi wa kulia, na damu ilikwisha kuanza kuvuja. Sista ndiye aliyetoka mbio koridoni na fomu ya upasuaji akinitafuta, kwa kuwa mlinzi alimwambia Bwana Barua ameingia.

"Wewe! Tumekupigia mara sita!"

Nikasema, "Sista, nimeleta barua ya..."

"Weka sahihi hapa. Hapa na hapa."

Fomu ilikuwa inakunjika. Nikaiweka juu ya bahasha hii ili nipate pa kuandikia. Ukiielekeza bahasha kwenye mwanga utaiona sahihi yangu imechimba karatasi, mara mbili. Sikuibadilisha.

Tulikaa saa mbili mimi na mama mkwe. Hakumtaja Eleni. Alikuwa ameshika viatu vya binti yake mapajani, kimoja juu ya kingine, akivifuta tope kwa ncha ya shali. Kisha Daktari Binyam akatoka, akasema yuko hai, mrija mmoja umetolewa, wa pili ni mzima. Akasema, "Mngesubiri sikukuu ipite..." halafu akaiona bahasha mkononi mwangu, akaacha. Hakumalizia. Mimi nimekuwa nikimmalizia kila siku tangu hapo.

Kwa hiyo nafuta Hoja ya 1 mpaka ya 8, pamoja na ya 5 iliyokwisha kufutwa, na maombi yote manne. "Hatujui" ndilo neno la kweli kuliko yote niliyoambiwa mwezi huu. Ninyi mliokuwa hamjui mlikuwa mnatafuta. Aliyekuwa anajua kila kitu ni mimi, nami nilikuwa naandika.

Nilitaka kuichoma. Wubalem akaitaka kwanza, akaisoma yote akiwa kitandani kwenu. Kwenye Pagume alicheka akiwa ameshika mshono, akasema, "Ondoka hapa, utanikata nyuzi." Kwenye Hoja ya 7 hakucheka. Aliikunja karatasi polepole.

"Ulikuwa nyuma ya mlango?"

"Ndiyo."

"Ungeingia."

Tulilia kidogo, yeye kwa uangalifu kwa sababu ya mshono, mimi bila uangalifu. Halafu akasema, "Ipeleke hivyo hivyo ilivyo. Na chini yake uandike jina lake lote. Usije ukaandika 'muuguzi mmoja' kama mnavyoandika huko ofisini kwenu." Jina lake ni Tsedale Gebre-Hana, wa kitengo cha wajawazito. Naomba hilo liingie kwenye jalada lake, na likishaingia lisipotee.

Wubalem alirudi nyumbani Meskerem 20. Mama mkwe aliamka mapema akasonga genfo, ule ugali wetu wa shayiri, akalichimba shimo katikati akalijaza siagi na pilipili nyekundu. Bi Askale alikuja kumwona mgonjwa, akakwama mlangoni, kwa kuwa hakujua aseme yale anayoambiwa mzazi au yale anayoambiwa mfiwa. Macho yake yakaangukia bakuli. Akanong'ona, "Mama Yeshimebet, genfo si ni la aliyezaa?"

Mama mkwe hakuinua kichwa. Alikuwa anampulizia binti yake kijiko.

"Ni la mwanamke aliyerudi," akasema. "Nawe vua viatu uingie, linapoa."